Kilo za Mama

Uzi hakuwa jina lake, lakini alipofika miaka arobaini na tisa hata mama yake mzazi alikuwa hamwiti tena kwa lile la kwenye cheti. Walimpachika tangu darasa la pili kwa sababu ya wembamba, na alipokuja kuwa fundi cherehani jina likapata mahali pa kukaa, likakaa. Wateja wapya walidhani ni jina la biashara. Waliomjua walisema huyu akigeuka upande humwoni, naye alicheka pamoja nao, maana mtu akitaniwa miaka arobaini hana budi ajifunze kucheka.

Aliishi na mama yake katika vyumba viwili na jiko dogo, nyumba ya mwisho kwenye safu, yenye kibaraza cha saruji mbele. Aliwahi kuolewa kwa miezi minane, na yeye mwenyewe alisema hiyo haihesabiwi. Alikuwa na kaka mmoja, mkubwa wake, aliyekaa mji mwingine mwendo wa saa sita kwa basi, mtu wa maneno machache na nyumba kubwa. Mama alipopatwa na kiharusi akapooza upande wa kushoto, kaka alitaka kumchukua. Mama akakataa katakata.

"Mimi nitafia kitandani kwangu," alisema, maneno yakimtoka kwa upande mmoja wa mdomo. "Huko kwako kila mtu mpole. Nitagombana na nani?"

Uzi naye hakutaka aende. Walizozana kila siku, yeye na mama yake, juu ya chumvi, juu ya dirisha, juu ya sauti ya redio, na hakujua angeishi vipi bila huo mzozo. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilipimika. Mama alikuwa na kilo sitini na moja. Uzi alikuwa na arobaini na nane. Na mama alipaswa kutolewa kitandani kila asubuhi, kuwekwa kitini, kupelekwa chooni, kurudishwa, kulazwa. Mwanzoni ule mguu mzima ulisaidia kidogo, kisha nao ukachoka kufanya kazi ya miwili.

Siku walipoanguka ilikuwa Jumapili mchana. Uzi alimkumbatia mama kiunoni, akavuta, mgongo ukamkatika kwa maumivu, wakaenda chini wote wawili kati ya kitanda na ukuta. Hawakuumia. Kwanza walicheka. Halafu Uzi alijaribu kumwinua mama akashindwa, akajaribu tena akashindwa, na kicheko kikaisha. Walikaa sakafuni saa mbili nzima, kichwa cha mama juu ya mkono wake, wakiongea habari za watu waliokwisha kufa. Aliyewakuta ni kaka, ambaye siku hiyo, kwa bahati mbaya ya Uzi, alikuwa amekuja kuwatembelea bila kutoa taarifa.

Kaka alimbeba mama kama mtu anayehamisha mto, akamlaza. Kisha akasimama mlangoni.

"Akianguka tena, namchukua," alisema. "Na sitaki ubishi. Kwa mwili huo, Uzi, utakuja kumuua mama."

Alisema hivyo mbele ya mama, kana kwamba mama hayupo. Kiharusi kilikuwa kimempitia kila mahali upande wa kushoto, lakini masikio kiliyaacha yote mawili.

Wiki iliyofuata, mteja mmoja alileta suruali ya michezo ipanuliwe mapaja. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini hivi, mfupi, shingo nene, na watu wa soko zima walimwita Kocha. Alikuwa na chumba cha kunyanyua vyuma nyuma ya maduka, karibu na fundi wa pancha. Uzi alimpima mapaja, akaandika, na bila kuinua macho akauliza:

"Kocha, mtu wa miaka yangu anaweza kuanza mambo hayo?"

"Chuma hakiulizi umri, dada."

"Na mtu wa mwili wangu?"

Kocha alimtazama, akachukua muda kidogo kujibu, na hilo Uzi alilipenda, kwa sababu wengi wangeanza na mzaha. "Unataka kunyanyua nini?"

"Mama yangu."

"Basi njoo Jumanne saa kumi na moja jioni."

Jumanne Uzi alifunga banda lake la kushonea mapema. Alipita mbele ya mlango ule mara tatu. Mara ya tatu alisimama kwa fundi wa pancha, akajifanya anatazama matairi, mpaka fundi akamuuliza, "Mama, tairi lako liko wapi?" Kwa aibu ya kutokuwa na tairi, aliingia.

Ndani kulinuka jasho na dawa ya kuchua. Kulikuwa na vijana wanane, wote wenye vifua, na kioo kilichofunika ukuta mzima. Katika kioo hicho Uzi alijiona. Alikuwa amejishonea suruali ya mazoezi kwa kitambaa kilichobaki, pana, yenye mifuko miwili na kifungo pembeni, na shingoni bado ilikuwa ikining'inia tepu yake ya kupimia. Hakuna aliyecheka. Alitamani wangecheka, kwa sababu kicheko alikizoea, ila yale macho yaliyogeukia pembeni kwa heshima hakujua ayafanyie nini.

Kocha alimpa mti wa ufagio.

"Chuma chako hiki."

"Hata nyumbani ninao."

"Nyumbani unafagia. Hapa unajifunza kuinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakutuambia ainame vipi." Hakumgusa. Alichukua rula ndefu ya mbao, akaiegemeza mgongoni mwake toka kisogoni hadi kiunoni, na kila rula ilipoachana na mgongo alisema "hapana." Makalio nyuma. Magoti laini. Kifua juu. Hapana. Tena. Hapana. Nusu saa nzima mwanamke wa miaka arobaini na tisa aliokota mti wa ufagio sakafuni mbele ya vijana wanane, na aliporudi nyumbani aliingia jikoni, akafungulia maji ya bomba ili mama asisikie, akalia.

Alhamisi alirudi. Msiniulize kwa nini. Watu wanasema ujasiri, mimi nasema alikuwa anamwogopa kaka yake kuliko kile kioo.

Mwezi wa kwanza ukapita na ule ufagio. Wa pili alipewa mtaimbo mtupu, ule wa kuchomekea sahani za chuma, kilo ishirini peke yake. Siku alipounyanyua mpaka mapajani, kijana mmoja kati ya wale wanane alipiga kofi moja la mkono juu ya paja, bila neno, akaendelea na yake. Uzi alitembea nyumbani akiwa ameuma mdomo asicheke peke yake barabarani. Kocha aliandika kwa chaki ukutani, chini ya majina ya vijana: UZI, 20. Baada ya wiki mbili akafuta, akaandika 25. Kisha 30.

Na nyumbani mambo yalianza kunyooka. Kocha alikuwa amemwelekeza: msogeze mama mpaka ukingoni, miguu yako iwe kati ya miguu yake, mshike kiunoni, usimvute kwa mikono, sukuma ardhi kwa nyayo. Uzi alisukuma ardhi, na mama akainuka. Kwa shida, lakini akainuka. Wiki iliyofuata shida ilipungua. Mwezi wa tatu alimtoa kitandani bila kuhesabu moja mbili tatu.

"Unaona, mama? Unaona?"

"Naona," alisema mama, na uso ukamchangamka. "Leo nilikuwa vipi? Mwepesi?"

"Kama mtoto."

"Haya. Twende hivyo hivyo."

Uzi alimpigia kaka simu akamweleza. Kaka akasema vizuri, tutaona. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mchana, Uzi akiwa bandani, jirani mmoja mjane alikuwa akiingia kumwangalia mama na kumpa chakula alichoachiwa. Mama alikula vijiko viwili vitatu. "Inatosha, shoga yangu," alimwambia jirani. "Asubuhi mwanangu amenijaza uji bakuli zima, utadhani ananinenepesha aniuze." Jirani alicheka, akabeba kilichobaki akawape kuku wake. Jioni Uzi alipoleta sahani, mama aligusa kidogo akaisogeza. "Jirani yako yule hana breki. Mchana kanishindilia mpaka hapa." Akaonyesha kooni. Asubuhi alisema uji ni wa moto mno, acha upoe, nitaunywa ukishaondoka. Jirani na Uzi walipishana kila siku bila kukutana, mmoja akitoka mwingine akiwa hajaingia, na mama alijua saa za wote wawili.

Siku moja mama alisema gauni lake la nyumbani limelegea kwa kufuliwa, amuingizie mishono. Uzi aliingiza vidole viwili kila upande. Baada ya wiki sita aliingiza tena, akakilaani kiwanda kwa vitambaa vya siku hizi. Huyu ndiye Uzi aliyeweza kumwona mteja akivuka barabara akajua kiuno chake bila tepu. Mganga hajigangi, na fundi wa nguo za watu alibana gauni la mama yake mara mbili, akapiga pasi, akamvalisha, asijiulize lolote. Furaha ilikuwa imemziba macho.

Wakati huohuo, kule kwa Kocha, aligota. Thelathini na tano alinyanyua. Arobaini ilimkatalia. Alijaribu wiki tatu, mtaimbo ukiachana na sakafu upana wa kidole kisha ukirudi chini kwa kishindo. Jumamosi moja alikasirika kabisa, akapiga teke sahani, akaumia kidole.

"Kocha, vyuma vyako vina uchawi. Hapa nashindwa na arobaini, nyumbani kila siku nanyanyua sitini na moja kama mchezo."

Kocha alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Aliacha kufuta.

"Sitini na moja gani?"

"Mama. Si nilikwambia? Hospitali walimpima."

"Lini?"

"Alipougua."

Kocha alienda akachomeka sahani, upande huu na upande huu, mpaka zikafika sitini, akaongeza vile vidogo kabisa. "Jaribu."

Uzi aliinama kama alivyofundishwa. Alisukuma ardhi. Mtaimbo haukuachana na sakafu hata unene wa jina lake. Alijaribu tena kwa hasira, shingo ikimtoka mishipa, na ilikuwa kama kujaribu kung'oa nyumba.

"Mtu si kama chuma," alisema akihema. "Mtu anajisaidia. Mtu anashikika."

"Kweli," alisema Kocha. "Mtu anashikika. Lakini chuma hakipungui, dada. Kilivyokuwa jana ndivyo kilivyo leo." Alizungumza polepole, macho yake yakiwa kwenye zile sahani. "Nenda kampime mama."

Uzi hakubadili hata viatu. Alikuta mama ameegemezwa mto, anasikiliza redio. Alichukua tepu akampima kifua, mkono, kiuno, kama anavyompima mteja, na mama akamwacha bila kumtania, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Tepu ilizunguka ikapitiliza. Uzi alikaa kitandani, mkono wa mama ukiwa mkononi mwake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano aliuona ulivyokuwa.

Jumatatu alimpeleka mama zahanati kwa teksi, jirani akifuatana nao. Mama hakuweza kusimama kwenye mizani. Muuguzi, binti mwenye haraka, alisema, "Panda peke yako kwanza, halafu panda naye." Uzi alipanda. Hamsini na mbili. Akashuka, akamnyanyua mama, akapanda tena. Watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri walimtazama mwanamke yule mwembamba amesimama wima na mama yake mikononi, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mungu akupe binti kama huyo, mwone nguvu zake!" Wengine wakaitikia. Uzi alitaka kuwaomba wanyamaze. Sindano ya mizani ilitikisika, ikatulia kwenye tisini.

Tisini, toa hamsini na mbili. Muuguzi aliandika thelathini na nane.

Daktari alipima damu, mkojo, kifua, asione ugonjwa mpya. Akauliza mama anakula nini. Uzi akasema asubuhi uji, ila mchana ndio anakula sana, jirani humshindilia. Jirani akasema mimi? Mchana hagusi, anasema wewe umemshibisha asubuhi. Wakatazamana. Wote wawili wakageuka kumtazama mama, na mama akawa anatazama dirisha.

Usiku haukuwa umeingia bado walipofika nyumbani. Jirani alienda zake akilia, akijiita mjinga. Uzi alimlaza mama, akavuta kigoda.

"Kwa nini, mama?"

Mama alijibu polepole. Siku hizo maneno yalimchosha. "Kaka yako alisema nikianguka tena nichukuliwe. Nikakuangalia mwili wako. Nikasema huyu atatoa wapi nguvu, maskini. Bora mimi nipunguze mzigo."

"Lakini nilikuwa najifunza! Nilikuwa naenda kwa Kocha kwa ajili hiyo!"

"Najua. Nami nilikuwa nakusaidia." Alimtazama kwa jicho lake zima, na ndani ya jicho hilo kulikuwa na kitu kama kujivunia. "Ukawa unarudi na furaha. Mama leo mwepesi, mama kama mtoto. Nikaona kazi inakwenda."

Uzi aliweka kichwa kwenye shuka. Laiti angepata mtu wa kumlaumu. Lakini alikumbuka kila mara aliposema mwepesi, kila mara alipocheka akimnyanyua, na kila mara ilikuwa kama amemnyang'anya mama kijiko mkononi kwa mkono wake mwenyewe. Alilia kwa sauti, bila kufungulia bomba.

"Kula, mama. Nakuomba. Nitakubeba."

"Na nikiwa mzito?"

"Uwe mzito. Uwe mzito unavyotaka. Nataka uwe mzito."

Basi mama akala, kwa sababu ameombwa. Alikula kwa utii kama mgonjwa mwema, vijiko vinne, vitano, na baada ya muda vikarudi. Daktari alikuwa ameonya: mwili wa mzee ukishazoea njaa, kuurudisha si kazi ya siku mbili, na pengine haurudi. Uzi alifunga banda. Alipika laini, alisaga, alichuja, aliamka na kijiko na kulala na kijiko. Kwa Kocha hakwenda tena. Kocha mwenyewe alikuja mara moja na maziwa, akakaa kibarazani, akaondoka bila kuingia, kwa sababu hakujua aseme nini na hakutaka kusema uongo.

Kaka alikuja akaketi miguuni pa kitanda. Hakugomba. "Kwangu angekula," alisema tu, kwa huzuni, si kwa ubaya. Huenda ni kweli. Mpaka leo Uzi hajui.

Wiki ya mwisho mama alipenda kutolewa kibarazani asubuhi, jua likiwa bado changa. Uzi alimpitishia mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamwinua, na moyo ukamshuka, maana hakuhisi kitu. Mama alikuwa akimwangalia usoni kwa karibu sana, akisubiri.

"Nimeongezeka?" aliuliza.

Uzi alikunja magoti. Alikaza shingo, akafumba macho, akatoa mguno mrefu kama wa wale vijana wanane chini ya vyuma vyao. Alipiga hatua moja, akayumba kusudi, akaegemea mlango apumzike.

"Mama we! Umenishinda leo. Umekula nini?"

Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kicheko kidogo kikavu, akaegemeza kichwa begani kwa mwanawe. Alikuwa ameridhika. Kila asubuhi baada ya hapo aliuliza tena, na kila asubuhi Uzi alimbeba kwa kuguna na kuhema, akisimama mara mbili njiani kutoka kitandani hadi kibarazani, hatua tisa.

Mama alifariki siku ya Jumatano saa nne asubuhi, huko huko kibarazani, kitini. Jirani alitaka kukimbia kuita wanaume. Uzi akamwambia asiite mtu. Akainama, akamnyanyua mama yake, akamrudisha kitandani kwake bila kusimama njiani, na safari hiyo hakuguna.